Mwepu Ilunga: Faulo moja, kicheko cha miaka 41

UKITAKA kujua soka lisivyosahau, nenda kwenye ligi yoyote ya mtaani pande za Tarime au Serengeti. Kijana akipaisha penalti kwenye fainali ya kugombea ng'ombe, iwe Sirari, Nyamongo au Mugumu, jina alilopewa na wazazi linazikwa siku hiyohiyo. Kuanzia hapo anaitwa Penalti. Ataoa akiitwa Penalti, na watoto wake watajulikana kijijini kama watoto wa Penalti.

Hilo ni kosa lililoonwa na watu mia tatu waliozunguka uwanja wa vumbi. Sasa chukua kosa la namna hiyo, liweke mbele ya kamera za televisheni, kwenye Kombe la Dunia, dhidi ya Brazil. Halafu lirudiwe kila baada ya miaka minne kwenye vipindi vya vichekesho vya soka, mpaka mwenyewe anaingia kaburini.

Hayo ndiyo maisha aliyoishi Joseph Mwepu Ilunga, beki wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wanaijua sekunde tano yake. Wachache wanaijua miaka yake 65.

KABUMBU LA LUBUMBASHI

Ilunga alizaliwa Agosti 22, 1949. Jina lake kwenye soka alilitengeneza akiwa na Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, mji wa kusini-mashariki mwa Kongo ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, mtaani na jukwaani. Shabiki wa Tanzania akisikia Englebert anaweza asishtuke. Mwambie ndiyo hii TP Mazembe ya leo, atakuelewa haraka sana.

Klabu hiyo ilikuwa moto wa kuotea mbali kabla hata jina la Mazembe halijatamba. Ilibeba ubingwa wa klabu Afrika mwaka 1967, ikabeba tena 1968, kisha ikacheza fainali mbili zilizofuata. Fainali nne mfululizo. Kijana aliyepata namba kwenye kikosi kama hicho hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa beki wa kweli, mgumu, anayejua anachokifanya.

Hilo ni la kushika mapema kwa sababu baadaye dunia ilikuja kumchora kama mtu asiyejua hata sheria za mpira.

Taifa nalo lilikuwa juu. Kongo ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 kule Ethiopia. Rais Mobutu Sese Seko aliona mapema kuwa mpira unaweza kuibeba sura ya nchi yake na sura yake mwenyewe. Akamwaga fedha. Timu ikaitwa Chui. Mwishoni mwa mwaka 1973 Chui waliichapa Morocco mabao 3-0 jijini Kinshasa, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia.

Machi 1974 wakaenda Misri kwenye fainali za Afrika na kurudi na kombe. Kwenye nusu fainali waliwatoa wenyeji Misri kwa mabao 3-2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na straika mmoja, Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na mabao 9. Rekodi hiyo ya mabao katika fainali moja haikuvunjwa mpaka anakufa.

Lishike jina la Ndaye. Maisha yake na ya Ilunga yanagongana muda si mrefu.

Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari. Ilunga na wenzake walipanda ndege kwenda Ujerumani Magharibi wakiamini watarudi matajiri.

KADI ILIYOMWENDEA MWINGINE

Mechi ya kwanza ilikuwa Juni 14 dhidi ya Scotland. Zaire walifungwa 2-0, lakini walicheza soka la kuheshimika. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Tatizo lilianzia nje ya uwanja. Wachezaji walikuja kugundua kwamba fedha walizoahidiwa hazitafika mifukoni mwao. Kwenye msafara kulikuwa na viongozi wengi, na wachezaji walisema fedha ziliishia kwa hao. Chui wakatishia kugoma wasicheze mechi ya pili. Wakabembelezwa, wakashinikizwa, mwishowe wakaingia uwanjani miili ikiwa pale na mioyo ikiwa kwingine.

Juni 18, mjini Gelsenkirchen, walikutana na Yugoslavia. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, naye alikuwa Myugoslavia, jambo ambalo lilizua maneno yake. Mabao yakaanza kuingia kama mvua ya masika. Baada ya bao la tatu kipa Kazadi Mwamba akatolewa, akaingia Tubilandu Dimbi, naye akaanza kazi kwa kuokota mpira wavuni.

Ni kwenye bao hilo la nne ambapo Chui walimzingira refa, Omar Delgado wa Colombia, wakilalamika kuwa kulikuwa na kuotea. Katika vurugu ile refa akapigwa teke. Delgado akageuka, akatoa kadi nyekundu, akampa Ndaye Mulamba.

Kumbe Ndaye hakuhusika. Mguu uliompiga refa ulikuwa wa Mwepu Ilunga.

Ndaye alitoka uwanjani kwenye dakika za ishirini na kitu, mfungaji bora wa Afrika, akilia kwa kosa la mtu mwingine. Zaire wakabaki 10, bila mtu wao wa kufunga. Hadi mapumziko ilikuwa 6-0. Hadi mwisho ikawa 9-0, moja ya vipigo vizito zaidi katika historia ya Kombe la Dunia.

Watu wanapomkumbuka Ilunga hawaikumbuki siku hii. Wanaikumbuka ile ya siku nne baadaye. Lakini ukipima kwa mizani ya haki, hii ndiyo nzito. Ile nyingine ilimuumiza yeye. Hii ilimuumiza mwenzake.

FAULO YENYEWE

Habari za 9-0 zilimkasirisha Mobutu. Kwa simulizi za wachezaji, watu wa rais walifika kambini na ujumbe mfupi: wakifungwa na Brazil mabao 4 au zaidi, wasihangaike kurudi nyumbani. Kwa mtawala wa aina ile, ujumbe huo haukuhitaji kurudiwa mara mbili.

Brazil nao walikuwa na hesabu zao. Walikuwa mabingwa watetezi, lakini walitoka sare mbili tasa. Walihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao 3 ili wawazidi Scotland na kusonga mbele. Hivyo mechi ya Jumamosi, Juni 22, 1974, ilikuwa na mambo ya ajabu: upande mmoja unatafuta mabao 3, upande mwingine unaombea yasiwe 4.

Jairzinho alifunga mapema. Rivelino akaongeza kipindi cha pili. Valdomiro akamaliza kazi dakika 11 kabla ya filimbi ya mwisho. Ikaisha 3-0. Brazil wakapita, Scotland wakarudi nyumbani bila kupoteza mechi hata moja, na Chui wakaokoka kwa bao moja.

Ndani ya mechi hiyo, kipindi cha pili kikiwa kimekwenda, Brazil wakapata faulo nje kidogo ya boksi la Zaire. Rivelino, bingwa wa mipira ile, alikuwa karibu na mpira na wenzake. Chui wakajenga ukuta. Refa Nicolae Rainea wa Romania akapuliza filimbi ipigwe.

Kabla Mbrazil hajagusa mpira, jezi namba 2 wa Zaire akachomoka kwenye ukuta kama mshale, akaufikia mpira, akaupiga kwa nguvu zote kuelekea upande wa pili wa uwanja.

Wabrazil walibaki mdomo wazi, kisha wakaangua kicheko. Rainea akamwonyesha Ilunga kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya wakalitafsiri tukio hilo kwa lugha rahisi iliyowakaa vizuri mdomoni: Waafrika hawa hawajui hata sheria.

Hapo ndipo maisha ya pili ya Mwepu Ilunga yalipoanza.

KURUDI NYUMBANI

Chui walirudi Kinshasa bila shangwe. Wale waliopewa nyumba na magari miezi mitatu kabla, sasa walipita kimyakimya. Oktoba ya mwaka huohuo dunia ilielekeza macho Kinshasa kutazama pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Mobutu alishapata mchezo mwingine wa kumtangaza. Wachezaji mpira wakasahaulika.

Kwa Ilunga ilikuwa vibaya zaidi, maana yeye hakusahaulika. Kila Kombe la Dunia lilipokaribia, televisheni za Ulaya zilitoa orodha za matukio ya kuchekesha, na yeye hakukosekana. Mtu aliyevaa jezi ya bingwa wa Afrika akawa katuni. Watoto waliozaliwa miaka 20 baadaye walimcheka bila kujua jina lake.

Pima uzito wa jambo hilo. Mchezaji akikosea kwenye ligi ya wilaya, anaweza kuhamia Mwanza akaanza upya. Ilunga angehamia wapi? Mkanda ule ulimfuata kila palipo na televisheni.

Na kuna adhabu nyingine isiyo na refa, ya kuirudia picha hiyo kichwani. Kila aliyewahi kucheza anaijua. Kipa aliyefungwa bao la kizembe Jumapili, Jumatano bado analiona likipita katikati ya miguu. Beki aliyejifunga mwenyewe anaogopa kugusa mpira mechi tatu zinazofuata. Kosa la sekunde moja linageuka kazi ya kudumu, na anayeifanya kazi hiyo ni yeye mwenyewe, bila mshahara.

BARBOSA WA BRAZIL

Wabrazil waliomcheka Ilunga siku ile nao walikuwa na mtu wao nyumbani aliyeteseka kwa sababu ya mpira mmoja. Alikuwa kipa, Moacir Barbosa wa Vasco da Gama.

Julai 16, 1950, ndani ya Maracanã, Brazil walihitaji sare tu dhidi ya Uruguay kutwaa Kombe la Dunia. Walitangulia kufunga. Schiaffino akasawazisha. Dakika 11 kabla ya mwisho Ghiggia akapenya kulia, Barbosa akadhani krosi inakuja, akasogea hatua. Ghiggia akapiga kwenye nafasi iliyobaki, karibu na mwamba. Uruguay 2, Brazil 1.

Barbosa alikuwa mmoja wa makipa bora duniani. Hakuna aliyejali. Aliishi miaka mingine karibu 50 akinyooshewa kidole. Mwaka 1993 alikwenda kuitembelea kambi ya timu ya taifa, akazuiwa asiwakaribie wachezaji kwa kuogopa mkosi. Mwenyewe alilalamika kwamba kifungo kirefu zaidi kwa sheria za Brazil ni miaka 30, lakini yeye ametumikia zaidi ya hapo kwa kosa ambalo si jinai. Alifariki Aprili 2000.

Barbosa na Ilunga wanaonyesha kitu kimoja. Ukisubiri mashabiki wakusamehe ndipo ujisamehe, unaweza kufa ukisubiri. Mashabiki wana kumbukumbu ndefu na huruma fupi. Msamaha wa kwanza lazima uanzie nyumbani kwako, ndani ya kifua chako.

ALIVYOSIMULIA MWENYEWE

Ilunga hakukaa kimya milele. Miaka mingi baadaye, waandishi wa Ulaya, wakiwemo wa BBC, walipomtafuta, alitoa maelezo ambayo wengi hawakuyatarajia.

Alisema sheria ya faulo aliijua vizuri. Alipiga mpira ule kwa makusudi. Alikuwa anatafuta kadi nyekundu ili atoke, kwa sababu hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani huku watakaonufaika na fedha wakiwa wamekaa jukwaani. Kwa maelezo hayo, kile kilichoitwa ujinga kilikuwa mgomo wa mtu mmoja.

Wapo wanaoamini. Beki aliyekulia klabu iliyocheza fainali nne za Afrika mfululizo, kweli asijue faulo inapigwa na nani? Wapo wanaosema alitaka kupoteza muda, maana kila sekunde iliyopita bila bao la nne ilikuwa sekunde ya uhai. Wapo wanaosema ni hofu tupu, akili iliruka. Inawezekana yote matatu yalikuwemo kwenye mguu mmoja. Binadamu aliyetishiwa maisha, aliyedhulumiwa na aliyechoka hafanyi jambo kwa sababu moja safi.

Kilicho muhimu ni kwamba aliisimulia mwenyewe. Kwa miaka mingi wengine ndio waliosema maana ya sekunde zile tano. Siku alipofungua mdomo, akaichukua hadithi yake kutoka kwenye vipindi vya vichekesho na kuiweka mahali pake: ndani ya hadithi ya wachezaji walioporwa jasho na kutishwa na rais wao.

Katika mahojiano hayo hakuficha pia kwamba mpira ulimwacha mikono mitupu. Waliamini watarudi mamilionea, wakarudi na umaskini. Alisema kama angerudishwa nyuma, angeweka nguvu zake kwenye kilimo. Ukimsikia mtu anasema hivyo unajua bado kuna kidonda. Lakini ni kidonda anachokigusa mwenyewe hadharani, na hilo ni tofauti na kidonda unachokificha mpaka kinaoza.

MZANI WA RITONGO

Pande za Tarime na Serengeti, Wakurya wana baraza la kimila linaloitwa ritongo. Watu hukusanyika, wazee husimamia, na jambo lililovuruga amani, uwe wizi wa ng'ombe au ugomvi wa koo, huzungumzwa mbele za watu. Halimalizwi kwa mtu kukaa ndani akijilaumu, wala kwa kujifanya halikutokea. Linasemwa, linapimwa, anayepaswa kulipa analipa.

Mpeleke Ilunga kwenye mzani kama huo, utaona makosa yake mawili hayafanani hata kidogo.

La faulo, ni nani aliyeumizwa? Brazil walirudishiwa mpira na wakafunga mabao waliyoyahitaji. Scotland walitolewa kwa mabao ya Wabrazil, si kwa mpira ule kupigwa mbele. Aliyeumia ni Ilunga peke yake. Hiyo ilikuwa aibu, na aibu nyingi kati ya hizo ilipakwa na watu wa nje. Mtu hana deni la kulipa kwa aibu. Anachohitaji ni kukataa kuibeba.

La refa ni jambo jingine. Pale kuna mtu aliyetolewa nje badala yake. Kosa la namna hii haliishi kwa kusema yamepita. Kujisamehe kabla ya kumtazama usoni uliyemuumiza ni kukimbia deni.

Na Ndaye Mulamba alikuja kuonja uchungu mwingine mkubwa zaidi ya kadi. Miaka ya 1990 alipigwa risasi na majambazi huko kwao, akaishia kuwa mkimbizi Afrika Kusini, mfungaji wa mabao 9 akiishi kwa kazi ndogo ndogo. Mwaka 1998, kwenye fainali za Afrika kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kumkumbuka, ikidhaniwa amekufa. Alikuwa hai. Alifariki Januari 2019 jijini Johannesburg.

Kadi ile nyekundu haikufutwa kwenye kumbukumbu za mechi. Mpaka leo ukifungua takwimu za Yugoslavia na Zaire, jina lililoandikwa ni Ndaye. Kuna makosa ambayo hata ukiyakiri, karatasi haibadiliki. Kinachobaki ni ukweli kujulikana, na leo kila anayeifuatilia historia ya Kombe la Dunia anajua teke lile lilikuwa la nani. Kwa Ndaye hiyo ilikuwa kidogo kuliko alichopoteza, lakini ni zaidi ya sifuri.

SIMBA NA MUFULIRA

Mashabiki wa Tanzania wana kumbukumbu yao ya kuachia kosa, na ni tamu zaidi.

Mwaka 1979 Simba ilicheza na Mufulira Wanderers ya Zambia kwenye michuano ya klabu bingwa Afrika. Mechi ya kwanza, nyumbani Dar es Salaam, Simba ilichapwa mabao 4-0. Nyumbani! Waliokuwa uwanjani walitoka kama watu wanaotoka msibani. Safari ya Zambia ilionekana ni ya kwenda kukamilisha ratiba.

Simba wakaenda, wakashinda 5-0, wakasonga mbele.

Hakuna anayeweza kufunga mabao 5 ugenini huku akili yake ikiwa bado Dar es Salaam inahesabu yale manne. Waliofungwa ni walewale, waliofunga ni walewale. Kosa halikufutika, 4-0 ilibaki kwenye ubao na hesabu ilianzia hapo. Walilichukua kama idadi ya mabao ya kutafuta.

Serengeti Boys nao, timu ya vijana iliyobeba jina la mbuga ya Mara, wana lao. Mwaka 2005 walishafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Aibu ile iliwakaa watu miaka mingi. Mwaka 2017 wakaenda fainali hizo Gabon, safari hii Kongo Brazzaville ndio waliokwama kwenye suala la umri na nafasi ikaenda kwa Tanzania. Miaka miwili baadaye Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa fainali zenyewe. Kama viongozi wangebaki wanalia na 2005, au wangejifanya haikutokea na kurudia yaleyale, hiyo nafasi ya 2017 ingewapita.

MWAKA ULEULE

Mwepu Ilunga alifariki jijini Kinshasa Mei 8, 2015, baada ya kuugua muda mrefu. Alikuwa na miaka 65. Magazeti mengi ya dunia yaliyoandika kifo chake yalianza na faulo ya Gelsenkirchen. Mengine yaliishia hapohapo.

Novemba ya mwaka huohuo, klabu yake ya zamani, TP Mazembe, ilitwaa tena ubingwa wa Afrika kwa kuifunga USM Alger ya Algeria. Ndani ya kikosi kile walikuwemo Watanzania wawili, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Samatta akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kwenye vibanda umiza vya Tarime na Mugumu watu waliruka kama wameshinda wao. Wachache walijua kwamba kwenye klabu ileile, nusu karne nyuma, alikulia yule beki wa kwenye vichekesho.

Hapo ndipo maisha ya Ilunga yanamgusa kijana wa ligi ya wilaya anayeitwa Penalti. Klabu aliyoitumikia bado inabeba vikombe. Nchi yake itabaki ya kwanza kusini mwa Sahara kukanyaga Kombe la Dunia, naye alikuwa kwenye kikosi. Ubingwa wa Afrika wa 1974 hakuna aliyeuondoa kabatini. Sekunde tano ni sekunde tano, hata zikirudiwa mara milioni moja.

Kwa hiyo kijana, kama ulimpiga mwenzako buti la makusudi akakaa nje msimu mzima, mfuate kwao, mwambie, msaidie unachoweza. Hilo ni deni. Lakini kama ulipaisha penalti tu, kesho asubuhi chukua mpira, uweke kwenye nukta, piga ishirini. Wakikuita Penalti, itika, halafu omba kupiga inayofuata.